Pikipiki ya Ruangwa na Fungu la Yatima



Nakuomba unisikilize kidogo, wewe uliyeketi barazani Lindi au Kilwa, Tanga au Mombasa, kwani haya nitakayokueleza yamenipata mimi mwenyewe, sikuyasoma kitabuni. Ni habari za pikipiki kuukuu. Huenda ukasema, pikipiki kuukuu ina nini hata ipewe kurasa? Basi subiri.

Mimi nakaa Nachingwea. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu, na sasa nina mikorosho yangu michache na kishamba cha ufuta. Ndugu yangu anayenifuata kwa kuzaliwa alifariki mwisho wa mwaka 2017, akaacha mjane na watoto, mkubwa wao mvulana wa miaka 12. Msimu ule, kama watu wa kusini mnavyokumbuka, korosho katika minada ilikaribia shilingi 4,000 kwa kilo, na marehemu alikuwa amekwisha kuuza. Mirathi ikapigwa hesabu mbele ya sheikh wetu, madeni yakalipwa, mjane akapewa thumuni yake, na fungu la yule kijana likawa shilingi 2,150,000. Nikakabidhiwa mimi, baba yake mkubwa, nimwekee mpaka abaleghe na aonekane ana akili ya kutumia mali.

Mwezi wa Februari mwaka 2025, mvua zikinyesha, kijana akanijia baada ya sala ya Isha.

“Shikamoo baba mkubwa.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Nimepata pikipiki Ruangwa. Ni Boxer. Mwenyewe anataka milioni moja na laki tatu na nusu. Nataka niendeshe bodaboda, nisiendelee kukukalia tu hapa.”

Nikafurahi, na nilifurahi upesi mno. Sababu ya furaha hiyo nitakwambia huko mbele, kwani si ya kujivunia.

Nikamwuliza kwa nini asitafute mpya. Akanijibu kama mtu aliyekwisha kulifikiri jambo lake. Mpya inakaribia milioni tatu, nazo hatuna. Njia nyingine ni ile ya mkataba, ambayo vijana wengi huiendea: mwenye chombo hukupa pikipiki mpya, nawe ukampelekea hesabu yake kila siku au kila wiki, na baada ya muda mlioandikiana chombo huwa chako. Ukizijumlisha hesabu zile, aghlabu utaona umelipa karibu bei ya pikipiki mbili. Kama yafaa au haifai katika sheria yetu, hilo hutegemea mkataba ulivyoandikwa: kuuza kwa kukopesha kwa bei moja iliyojulikana ni jambo moja, na bei inayokua kila ukichelewa ni jambo jingine kabisa. Mimi si mufti, mwenye shaka amwendee sheikh wake na karatasi mkononi. Lakini kijana hakuogopa hilo tu. Alikuwa amewaona wenzake wakinyang'anywa chombo kimebakisha miezi miwili kuwa chao, kwa sababu ya homa ya wiki moja au mvua ya wiki mbili.

“Lakini hiyo ya Ruangwa imetembea sana,” akasema. “Sitaki kukuficha.”

Basi tukakata shauri twende tukaione, mimi na yeye na fundi mmoja wa hapa kwetu ambaye namwamini. Huyu fundi ni mtu wa maneno mengi. Tulipokuwa ndani ya gari akatukumbusha habari za wazee, nami nitazileta hapa kwa ufupi maana zinahusika.

Nachingwea yetu, msomaji, iliingia katika ramani ya dunia kwa mitambo mikuukuu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, huko Kongwa na Urambo na kwetu Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha, kwa hiyo wakanunua yaliyobaki vitani, mengine yakaletwa kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Haukupita mwaka, na huko Kongwa sehemu kubwa ya matrekta yale ilikuwa imelala, haiendi mbele wala nyuma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na hasara yake ilifika kiasi cha pauni milioni 36. Hapana shaka sababu zilikuwa nyingi, udongo na mvua na haraka ya watu wasioijua nchi, wala si matrekta peke yake. Reli waliyoijenga kutoka Mtwara mpaka Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo nayo ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki tukafaidika nayo.

“Wenye elimu yao,” akasema fundi, “walinunua bila kutia mkono kwenye injini.”

Nilidhani anasema mfano tu. Kumbe alikuwa na maana yake.

Tulifika Ruangwa, mji ambao siku hizi umekua na una timu yake ya Namungo inayosikika nchi nzima. Mwenye pikipiki alikuwa mtu wa makamo, mpole, ana watoto wadogo. Alitukaribisha vizuri, akatuwekea mkeka. Fundi hakukaa. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja ubavuni mwa injini, akakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto.

“Nimetoka nayo sokoni sasa hivi,” akasema mwenyewe.

“Hakuna neno,” fundi akasema. “Tutangoja ipoe.”

Jifunze hili, msomaji, hata kama hutanunua pikipiki maisha yako yote. Injini iliyochoka, ikikwisha kupata moto, huwaka kama mpya kwa kiki moja. Ubovu wake huuonyesha asubuhi, ikiwa baridi. Kwa hiyo mnunuzi anayefika na kuikuta ina moto, kisha akaiwasha, akasema Alhamdulillahi na kutoa fedha, huyo amenunua nusu ya habari. Tulingoja zaidi ya saa nzima. Tukanywa chai na mihogo ya kuchemsha, tukazungumza habari za ufuta.

Ilipopoa, kijana akapiga kiki. Mara ya tatu ndipo ilipowaka, na moshi mwembamba wa rangi ya buluu ukatoka nyuma, ukaendelea kidogo, ukakatika. Fundi akasema moshi wa buluu ni oili inayoungua pamoja na petroli, maana yake ringi za pistoni zimelika au sili za vali hazizibi sawasawa. Akachomoa kijiti cha oili, akaisugua kati ya vidole kutafuta chembe za chuma, hakuona. Akatazama cheni na sproketi, meno yake yalikuwa yamechongoka kama meno ya papa. Akalitikisa gurudumu la nyuma kulia na kushoto, likacheza. Akainua kiti, na chini yake akaona fremu imechomelewa. Haya yote aliyafanya bila kusema neno la dharau, jambo ambalo nilimsifu kwalo, kwani wako mafundi ambao hukitukana chombo cha mtu ili bei ishuke, na huo nao ni aina ya uongo.

Kisha kijana akaiendea mita. Ilisoma kilomita 24,618.

Nikasema moyoni, mbona si nyingi? Kijana akaomba kuiona kadi. Pikipiki iliandikishwa mwaka 2021. Akachukua kijiti akaandika mchangani, nami mwalimu wa hesabu nikamtazama. Bodaboda wa kawaida hutembea kiasi cha kilomita 100 kwa siku. Akifanya kazi siku 26, ni kilomita 2,600 kwa mwezi, yaani 31,200 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni zaidi ya 120,000. Mita ile ina tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 hurudi kwenye masifuri, ikaanza tena kama mtoto mchanga. Kwa hiyo ama pikipiki imetembea 24,618 nayo ilikuwa imelala ndani, ama imetembea 124,618. Na meno yale ya sproketi, na mpira wa mahali pa kuwekea miguu ulivyolika hata chuma kikaonekana, vyote vilitoa ushahidi wa pili.

Mwenyewe alikuwa anatazama hesabu ile mchangani. Hakukanusha, wala hakukiri. Akasema, “Chombo ni kama mnavyokiona.”

Hapo ndipo nilipoingia mimi na ulimi wangu. Nilimwambia: “Ndugu yangu, sisi ni Waislamu mimi na wewe. Fedha hizi si zangu. Ni za yatima huyu, ndizo alizoachiwa na marehemu baba yake. Tuambie kweli tu, nasi tutajua la kufanya.”

Yule mtu akainama. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema yote. Kwamba mita ilikwisha kuzunguka mara moja. Kwamba injini ilifunguliwa mwaka uliopita, baada ya kuendeshwa na oili pungufu, ikatiwa ringi zisizo za asili. Kwamba fremu ilikatika kwa magunia ya mkaa, naye ndiye aliyeichomelea. Kwamba anauza kwa sababu mgongo umemshinda. Akasema hawezi kutaka 1,350,000 kwa mtoto yatima, atachukua 1,200,000. Kisha akaniuliza, si kwa ubaya, kwa huruma tu:

“Na hizi, mwalimu, ndizo zote alizoacha marehemu kwa kijana?”

Nikasema, “Ndiyo. Ndizo zote.”

Nilikuwa na shilingi 1,500,000.

Sasa, ndugu msomaji, nakurudisha nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2018 bei ya minada ilikuwa ndogo, na mwezi wa Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yangu mimi yalichelewa, na simlaumu mtu kwa hilo. Lakini nyumba yangu ilikuwa imeezuliwa na upepo, na mvua zimeanza. Nikafungua sanduku. Nikachukua 650,000 katika fungu la yatima, nikanunua mabati. Nikajiambia nitazirudisha malipo yakija. Malipo yalikuja, yakaingia mahali pengine.

Na unajua nilijitetea kwa nini? Kwa Qur'ani. Katika Surat Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaagiza wasimamizi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri, na msimamizi aliye tajiri ajizuie, na aliye fukara atumie kwa wema. Nikajiona mimi ndiye yule fukara. Nikaishika nusu ya aya ile miaka sita, nikaiacha sehemu inayosema mali zirudishwe mbele ya mashahidi, nikairuka na aya ya 10 inayofuata, juu ya wanaokula mali ya yatima na moto walioutia matumboni mwao. Mabati saba mapya juu ya kichwa changu, na kila mvua ikinyesha nilisikia sauti yake.

Ndiyo sababu nilifurahi upesi usiku ule. Pikipiki ya 1,350,000 ilikuwa inaingia ndani ya fedha zilizobaki. Kijana angeichukua, angeondoka nayo, na hapana mtu ambaye angekuja kuhesabu. Kwa hiyo nilikwenda Ruangwa nikiwa nimekwisha kukata shauri kwamba pikipiki ile ni nzuri, hata kabla ya kuiona. Mtu wa namna hii si mshauri. Fundi alikuwa anaichunguza injini, na kumbe kilichohitaji kuwekewa mkono kilikuwa kimeketi mkekani, kinakunywa chai.

Katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) kuhusu biashara, baraka imefungwa na ukweli wa watu wawili, anayeuza na anayenunua. Miaka yote niliyowasomesha watoto habari hii nilimtazama muuzaji tu. Nilidhani mnunuzi hana cha kuficha, yeye analeta fedha, na fedha zinaonekana. Siku ile huko Ruangwa muuzaji alibainisha aibu za mali yake moja baada ya moja mpaka akajipunguzia bei, na mnunuzi ndiye aliyesema uongo.

Sikutoa fedha. Nikasema tutarudi, tukifikiri. Yule mtu akadhani bado hatujaridhika na bei.

Njiani kijana hakuzungumza. Tulipofika nyumbani nikala, nikasali, nikalala, sikupata usingizi. Baada ya Alfajiri nikamwita uani, nikamwambia hesabu yote, mwaka na mwezi na mabati. Nilidhani atalia, au atapandisha sauti, na vyote viwili nilikuwa nimejitayarisha navyo.

Akasema, “Mama alinitajia kiasi, baba mkubwa. Milioni mbili, laki moja na hamsini elfu. Jana ulipomwambia yule mtu ndizo zote, nilikuwa nimesimama nyuma yako.”

Mama yake ameolewa Liwale siku nyingi. Alikuwapo fedha zilipohesabiwa, na kwa heshima ya ukwe hakuniuliza hata siku moja. Na mtoto alijua, akanipa shikamoo kila asubuhi.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitazamia. Akaleta daftari na kalamu, akataka tuandikiane. Hakuwa na hasira. Akasema deni huandikwa, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo chuoni. Tukaandika: 650,000, kulipwa ufuta ukiuzwa. Tukawaita imamu na jirani mmoja wakatia sahihi, na ile 1,500,000 nikamkabidhi mbele yao siku hiyohiyo. Nilikuwa nangoja kumjaribu kama ana akili ya kushika mali. Nadhani jaribio lilikwisha fanyika mchangani Ruangwa, kwa kijiti.

Ufuta ulipouzwa mnadani nikalipa. Liko swali ambalo huenda nawe umejiuliza: 650,000 ya mwaka 2018 si 650,000 ya 2025, mabati niliyoyanunua wakati ule leo hayapatikani kwa fedha ile. Nilimwuliza sheikh. Akasema deni hurudishwa kwa kiasi chake, lakini mdaiwa akiongeza kwa hiari yake bila kushurutishwa si riba, bali ni wema wa kulipa. Basi nikamlipia mafunzo na leseni, na kofia ngumu mbili, ya kwake na ya abiria.

Sasa alikuwa na 2,150,000 mkononi, na uhuru wa kuchagua. Palitokea Boxer nyingine hapahapa Nachingwea, mita inasoma 31,000, rangi inang'aa, mwenyewe anaapa kwa kila jina la Mungu kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Alitaka 1,900,000. Nilivutiwa nayo, nakiri. Kijana akaitazama, akamwuliza mwenyewe kama amewahi kuitia chombo hiki matengenezo yoyote, naye akasema hata plagi hajabadilisha. Kijana akashukuru akaondoka. Aliniambia pikipiki isiyobadilishwa plagi kwa kilomita 31,000 ama ni muujiza, ama ni maneno.

Tukapiga simu Ruangwa. Ile ya kwanza ilikuwako bado. “Lakini imeongeza kilomita,” yule mtu akasema mwenyewe, kabla hatujauliza.

Tulikwenda mwezi wa Julai. Kabla ya kuhesabu fedha nikamwomba yule mtu pembeni, nikamwambia kwamba Februari nilimdanganya, nikamweleza. Akanitazama kidogo. Akasema, “Nami niliipasha moto mlipopiga simu kwamba mmekaribia. Sikutoka sokoni.” Tukasameheana, na bei ikabaki 1,200,000. Hakuipunguza tena, na alikuwa na haki.

Matengenezo yalikula 310,000: ringi za asili, cheni na sproketi, tairi la nyuma, beringi za gurudumu. Jina la kadi likabadilishwa, bima ikakatwa. Zilizobaki ameziweka, anasema ni za siku injini itakapofunguliwa tena, kwani itafunguliwa, yeye hajidanganyi. Fundi wetu yeye angali anashikilia kwamba ingefaa kuchukua ile yenye rangi, na kila tukikutana msikitini hunirudia na hoja zake. Labda ana haki. Injini haina dhamana.

Kijana analaza chombo chake uani kwangu, chini ya yale mabati. Kila jioni, kabla ya Magharibi, huleta lile daftari tuliloandikiana deni, akaandika kilomita za siku hiyo, petroli na oili aliyotia. Jana nilimshikia taa. Mita ilisoma 43,275. Akaandika 43,275, akatua, kisha akaweka 1 mbele yake.